Mia Nne za Trofim

Walituletea kijana kutoka Chisinau,
viatu vyake vipya vikilia kwenye sakafu ya shule,
atufundishe sisi makarani tisa wa kituo namba kumi na saba
namna mkono wa ng'ambo unavyoingia kwenye kura.
Alichora mishale ubaoni: seva, akaunti za uongo,
nyuso za watu ambao hawajawahi kuzaliwa.
Tukaandika. Wino uliganda kalamuni.
Mwalimu Ilinca akapulizia vidole vyake,
akauliza kama mkono huo wa ng'ambo
ndio ulioiba boila.

Kijana alicheka. Alidhani ni mzaha.

Boila yetu imenunuliwa mara tatu.
Nimeziona risiti, maana faili hupita mezani kwangu:
kwanza enzi za meya Gavril,
kisha enzi za shemeji yake,
kisha kwa ufadhili, na hotuba, na utepe uliokatwa kwa mkasi.
Mkasi upo. Utepe Ilinca aliufungia mapazia.
Watoto wanaandika imla wamevaa makoti
na pumzi zao zinapanda darini
kama barua zisizo na anwani.

Sisemi mgeni hayupo.
Yupo. Nimemsikia redioni akisema lugha yetu
kwa lafudhi safi kuliko yangu,
kwamba tukichagua vibaya gesi itakatika.
Gesi! Kwetu hufika kwenye ankara tu.
Yupo, na ana subira ya mtu anayejua
kwamba ukuta ulioliwa na mchwa
hausukumwi. Huegemewa.

Jumapili ya kura ilinyesha mvua ya barafu.
Trofim, aliyekuwa akichomelea matrekta,
alikuja na kiatu kimoja cha mpira,
mguu wa pili kaufunga mfuko wa sukari.
Alipiga mhuri, akatumbukiza karatasi yake,
akageuka, akawakuta polisi mlangoni.
Lei mia nne zilikuwa zimeingia kwenye simu yake
kutoka benki ya nchi ambayo hata bendera yake haijui.

"Umeuza nchi," akamwambia sajenti Veaceslav,
ambaye cheo chake, mji mzima unajua,
kiligharimu nguruwe wawili na pipa la divai.

Trofim hakukana.
"Mguu huu uliandikiwa dawa," alisema.
"Dawa ikaandikwa imefika. Nikaandikwa nimepona.
Kwenye makaratasi yenu, Veaceslav, mimi naruka kamba.
Miaka kumi na moja nasimama kwenye dirisha lenu.
Huyu wa simu hanijui, wala hanipendi, sijidanganyi.
Lakini ndiye wa kwanza kunilipa."

Wakamchukua. Alisahau bakora yake;
ikabaki imeegemea kisanduku cha kura
hadi tulipofunga.

Usiku tulihesabu kwa mwanga wa taa mbili.
Lakiri zote zilikuwa nzima.
Hakuna waya uliotambaa, hakuna sura ya bandia dirishani,
ila maji ya paa yakidondoka kwenye ndoo
(paa hili pia lina risiti).
Kisha ikaja fomu ya kijana yule:
*Je, umeona dalili za kuingiliwa kutoka nje?*
Ndiyo. Hapana. Weka alama.

Niliishika kalamu kwa muda mrefu
hata Ilinca akaniuliza, "Profira, umelala?"

Sikulala. Nilikuwa nautazama mhuri wangu wa ofisi,
ule wa mpini wa mbao uliopasuka,
uliopiga risiti ya boila ya pili
wiki ileile mwanangu alipopata kazi posta.
Hakuna aliyenishurutisha.
Hakuna mgeni aliyevuka mto Prut kunishika kiganja.
Nilipumulia mpira, nikakandamiza,
nikaenda nyumbani kula.

Nikaweka alama kwenye *Ndiyo*, kwa sababu ya mia nne.
Kisha nikapindua fomu. Nyuma ilikuwa nyeupe.
Nikaandika: boila, mara tatu. Paa. Mguu mmoja.
Nikaandika jina langu, siyo kama shahidi.
Nikatafuta mahali pa kupiga mhuri.